Kitovu cha usafiri ni nini, na kwa nini huwezi kuruka moja kwa moja hadi kisiwa cha Saba

Kitovu cha usafiri ni uwanja wa ndege au bandari ambako abiria wa sehemu nyingi ndogo hufikia kwanza, kisha wakatawanyika kwa ndege ndogo na boti. Anayekwenda kwenye visiwa vidogo vya Karibi na asiielewe dhana hii atapanga safari yake vibaya.

Chukua Saba, kisiwa cha Uholanzi chenye watu wapatao 2,000. Ni volkano iliyochomoza baharini, karibu haina tambarare. Uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1963, una njia ya kurukia ya mita 400 hivi, sawa na mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha, na ncha zote mbili zinaishia kwenye magenge ya bahari. Jeti haitui hapo. Inayotua ni Twin Otter, ndege ya pangaboi yenye injini mbili na viti visivyozidi 20, iliyoundwa kuruka na kutua kwa mwendo mdogo.

Kwa hiyo kitovu cha Saba ni Sint Maarten, kisiwa jirani. Uwanja wake wa ndege, Princess Juliana, una njia ya zaidi ya mita 2,000, na ndege kubwa kutoka Amsterdam, Paris na Marekani hutua pale. Kutoka hapo Saba ni kama robo saa kwa ndege, au zaidi ya saa moja kwa boti hadi bandari ya Fort Bay. Visiwa vya Anguilla na Saint-Barthélemy navyo vinahudumiwa na kitovu hichohicho.

Wasafiri wengi hutazama ramani, wakaona kisiwa kiko karibu, wakasahau saa. Saba hakuna kutua usiku. Ukifika Sint Maarten jioni, utalala huko, na gharama ya chumba ni yako. Mizigo pia hubanwa, maana ndege ndogo hupimwa kwa kilo. Na kama tiketi mbili umezinunua mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji. Mimi ningeacha saa nne au tano katikati, hata kama zinachosha.

Kutegemea kitovu kimoja kuna hatari yake. Kimbunga Irma kilipopiga Septemba 2017, jengo la abiria la Princess Juliana liliharibiwa vibaya, na ndege za kawaida hazikurejea hadi Oktoba.

Ukishafika Saba, barabara kuu ni moja. Wahandisi walisema haijengeki. Josephus Lambert Hassell, mwenyeji wa kisiwa, akasomea uhandisi kwa njia ya posta, na kuanzia mwaka 1938 wananchi wakaichonga kwa mikono. Iliwachukua miaka 20. Leo teksi hupanda kwa barabara hiyo kutoka uwanjani hadi vijiji vya Windwardside na The Bottom, na asiye na nauli husimama kando akaomba lifti.