Tembo wa mahekalu ya Kerala: yasemwayo na yalivyo hasa

Katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, msimu mkubwa wa sherehe za mahekalu huanza Desemba na kuishia Mei. Katika miezi hiyo tembo husimama mbele ya umati, paji la uso likiwa limefunikwa kwa pambo la dhahabu, na watu wa mgongoni wakiinua miavuli ya hariri, migwisho myeupe na pepeo za manyoya ya tausi. Mengi husemwa juu yake. Baadhi ni ya watalii, lakini yaliyo sugu zaidi ni ya wenyeji wenyewe.

“Tembo wa Asia amefugwa tangu kale, ni mpole kama ng'ombe”

Ng'ombe amechaguliwa na kuzalishwa na binadamu kizazi baada ya kizazi mpaka tabia yake ikabadilika. Tembo hajapitia hayo. Wengi wa tembo wazee wa Kerala walizaliwa mwituni. Wa misitu ya huko walinaswa kwa mashimo yaliyofunikwa matawi, kisha wakafungiwa kwenye zizi la magogo mazito hadi wakubali kuguswa. Watu wa jimbo jirani la Mysore walikuwa wakiswaga kundi zima la tembo hadi ndani ya boma, na uswagaji wa mwisho wa namna hiyo ulifanyika mwaka 1971. Mwaka 1977 tembo aliwekwa kwenye jedwali la kwanza la Sheria ya Kulinda Wanyamapori ya India, na njia ya kukamata wapya ikafungwa. Tangu hapo Kerala ilitegemea kununua kutoka majimbo ya Bihar na Assam na visiwa vya Andaman, na mnyama aliyezoea amri za Kihindi au Kiassam ikambidi afundishwe upya kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala.

Kuzaa kifungoni ni jambo adimu Kerala, kwa sababu madume ndiyo yanayotakiwa kwenye sherehe na hufungwa peke yao. Ndiyo maana idadi inashuka: hesabu ya mwaka 2018 ilipata tembo 521 waliofugwa, na leo hawafiki 400.

Dhana hii ya upole wa kuzaliwa iliwahi kufika hata pwani yetu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani pamoja na waongozaji wao ili wabebe mizigo kwenda bara. Walitii amri vizuri sana. Wakafa.

“Wanaabudiwa, basi wanatunzwa”

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Anayeabudiwa ni Ganapati, mungu mwenye kichwa cha tembo, na pia mungu wa hekalu husika, ambaye nakala ya sanamu yake hubebwa juu ya mgongo wa tembo. Tembo mwenyewe ni mbebaji. Mahekalu machache yana tembo wake: Guruvayur, lenye uwanja wa tembo wa Punnathur Kotta, hupokea tembo waliotolewa kama nadhiri. Maarufu kuliko wote, Guruvayur Keshavan, alitolewa na ukoo wa kifalme wa Nilambur mwaka 1922, akafa Desemba 1976. Lakini wengi ni mali ya watu binafsi na hukodishwa kwa siku. Kodi hupanda kadiri mnyama anavyokuwa mrefu na kadiri anavyoinua kichwa, kwa hiyo dume mwenye jina huzungushwa kutoka sherehe moja hadi nyingine kwa lori, usiku kucha, miezi mitano mfululizo.

Utunzaji hupimwa kwa mambo ya kawaida kabisa. Tembo mzima huhitaji kilo 150 hadi 200 za majani kwa siku na maji lita 100 hadi 200. Tumbo lake humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo lazima ale kwa saa nyingi, na vya aina nyingi. Kerala hulishwa zaidi makuti ya mnazi na majani ya jamii ya michikichi, kwa kuwa yanapatikana na ni rahisi kubeba. Majani hayo yana nyuzi ngumu. Tembo akiyala peke yake, akanywa maji kidogo na kusimama bila kutembea, nyuzi hujikusanya na kuziba utumbo. Waongozaji huita ugonjwa huo *erandakettu*, na umeua tembo wengi. Dalili ya mapema ni kinyesi kupungua na kuwa kikavu, kisha mnyama anaacha kula. Kinga yake haina siri: nyasi mbichi zichanganywe na makuti, maji yawe karibu mchana na usiku, na kila siku atembezwe.

Miguu nayo huoza. Mwituni tembo hutembea kwenye udongo laini unaosugua nyayo na kucha. Akifungwa mahali pamoja kwenye saruji iliyolowa mkojo, kucha hupasuka, nyayo hulainika na kuingia usaha, na mnyororo usiohamishwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine hukata ngozi ya kifundo. Ukitaka kujua tembo anaishije, liache pambo la usoni, tazama vifundo.

“Anafurahia ngoma, angalia anavyopepea masikio kwa mdundo”

Hii husemwa kwa mapenzi makubwa, hasa kwenye Thrissur Pooram, sherehe kubwa ya mji wa Thrissur, ambako tembo 15 wa hekalu la Paramekkavu husimama wakitazamana na 15 wa hekalu la Thiruvambadi huku ngoma za *chenda* zikirindima kwa saa kadhaa. Tembo hatoki jasho mwilini kama binadamu. Ana tezi chache za jasho, karibu na kucha. Joto hulitoa kwa masikio, yenye mishipa mingi ya damu chini ya ngozi nyembamba. Sherehe hiyo huangukia Aprili au Mei, joto la Kerala linapokuwa kileleni. Anapepea kwa sababu anaungua. Kumwagia maji miguuni, kumtandikia magunia yaliyoloweshwa na kumweka kivulini husaidia.

“Ni mambo ya Wahindu tu”

Hapana. Sherehe za kuwakumbuka mawalii wa Kiislamu, ziitwazo *nercha*, kama ile ya mji wa Pattambi, hupitisha tembo barabarani, na baadhi ya makanisa nayo hukodi tembo kwa sikukuu za watakatifu wao.

“Kila tembo ana pembe”

Aliyezoea tembo wa Tsavo hushangaa. Tembo jike wa Asia hana pembe za kuonekana, na yapo madume yasiyo nazo pia, yaitwayo *mozha*. Baadhi hubandikwa pembe za bandia ili yapate kazi ya sherehe.

“Mwezi wa matibabu unafidia mwaka mzima”

Mwezi wa Julai, mvua kubwa zikiendelea, hekalu la Guruvayur huwapa tembo wake siku 30 za mapumziko: kuogeshwa kwa kusuguliwa, wali uliopikwa na choroko, manjano, chumvi na dawa za Kiayurveda, tiba ya jadi ya India. Ni utaratibu mzuri. Hauponyi kifundo kilichokatwa Februari.

“Sheria imeshamaliza tatizo”

Kerala ina kanuni za tembo waliofugwa tangu 2003, zikatolewa upya 2012. Novemba 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ilikwenda mbali zaidi: mita 3 kati ya tembo na tembo, mita 8 kutoka kwa watu, mita 100 kutoka kwenye fataki, mapumziko ya siku 3 baina ya sherehe. Waandaaji walilalamika kwamba viwanja vya mahekalu haviwezi kubeba nafasi hizo, na Desemba hiyohiyo Mahakama ya Juu ya India ikasimamisha amri. Hekalu moja la Thrissur, Irinjadappilly, lilikuwa limeshachukua njia yake Februari 2023: tembo wa mashine mwenye urefu wa mita 3.35 na uzito wa kilo 800.

“Aliyeua amepandwa na wazimu ghafla”

Ni mara chache huwa ghafla. Dume mzima, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, huingia hali ya masti, ambayo wenyeji huiita *neeru*. Tezi ya panjani huvimba, majimaji meusi yenye kunata hutiririka shavuni, mkojo hudondoka mfululizo, hamu ya kula hupungua, na homoni ya kiume hupanda mara nyingi juu ya kawaida. Hali hii hudumu wiki kadhaa hadi miezi. Dume huyo hapaswi kufanya kazi yoyote: afungwe kivulini, chakula na maji asogezewe kwa mbali.

Kinachoharibu ni kwamba masti mara nyingi hugongana na msimu wa fedha. Wengine hupunguza chakula ili ichelewe, maana dume aliyekonda haingii upesi. Inapokwisha, hufuata desturi iitwayo *kettiyazhikkal*: tembo akiwa bado amefungwa, watu kadhaa humpiga kwa saa nyingi ili “akumbuke” amri. Mwongozaji mpya akianza kazi na dume asiyemjua, kipigo hicho hurudiwa. Mnyama aliyefanyiwa hivyo akikanyaga mtu miezi miwili baadaye, husemwa ana kichaa.

Anayekwenda kutazama sherehe asisimame nyuma ya tembo wala asiguse mkia au pembe. Akiona mstari mweusi na mbichi kati ya jicho na sikio, aondoke eneo hilo mapema, akishajua njia ya kutokea.