Sumu ni ipi, na dawa ni ipi?

Juzi jioni, kibarazani, ndani ya saa moja nimelisikia neno sumu mara nne. Sukari ni sumu. Simu ni sumu kwa watoto. Wifi fulani ni sumu. Mshambuliaji wa timu fulani naye ni sumu. Kisha jirani akarudi kutoka shamba na chupa ya maji ya nusu lita, ndani mna majimaji meupe kama maziwa, mabaki ya kupulizia nyanya. Akaiweka kwenye dirisha la jiko na kumwambia mwanawe wa miaka minne: "Usiguse, hiyo dawa."

Sumu ya kweli ilipofika, ndiyo peke yake iliyokosa jina lake.

Sumu ni kitu ambacho kikiingia mwilini, hata kwa kiasi kidogo, huvuruga kazi za mwili na kinaweza kuua. Iwe imetoka kwenye jino la swila, kwenye mahindi yaliyoota kuvu au kiwandani, jina ni hilohilo.

Katika maelezo hayo, uzito wote uko kwenye "kikiingia". Neno tumelipata kwa Waarabu: samm, au summ, kwa herufi sini na mimu iliyokazwa. Kwao neno hilohilo ni tundu pia. Waliosoma chuo cha Kurani wataikumbuka aya ya 40 ya Surat Al-A'raf, isemayo kwamba wanaozikanusha aya za Mungu hawataingia peponi mpaka ngamia apenye katika tundu ya sindano. Hapo penye "tundu", Kiarabu kinasema samm. Vijitundu vya ngozi vinavyotoa jasho huitwa masamm. Upepo wa jangwani unaochoma ni samum, na wanalugha wao wanaeleza kuwa umepewa jina hilo kwa kuwa unapenya mwilini kupitia vijitundu hivyo. Familia nzima ya maneno inazungumzia kupenya. Sumu ni kile kinachopita mahali padogo kikaenda kufanya kazi ndani.

Wawindaji wa Kiwaata wa upande wa Tsavo, Kenya, walilijua jambo hilo bila kamusi. Walichemsha mti wa msunguti saa nyingi mpaka ukabaki mchuzi mzito mweusi kama lami, wakaupaka kwenye mshale na kuufunga kwa ngozi usikauke. Ukiingia kwenye damu, moyo wa tembo unasimama. Nyama ililiwa, baada ya kukatwa pale mshale ulipochoma. Wagiriama sumu hiyo wanaiita utsungu, ndugu wa uchungu wetu.

Ndiyo maana sina ugomvi na sumu ya mafumbo inapowekwa mahali pake. Tukisema kijana ametiwa sumu na ndugu zake dhidi ya mkewe, neno limekaa sawasawa: maneno machache yalipita sikioni, msemaji akaenda zake, nayo yanaendelea kufanya kazi ndani ya mtu mpaka siku nyumba inapovunjika. Sumu ya ukabila ni hivyohivyo. Lakini wifi anayekutukana uwanjani mchana kweupe hana sumu, ana mdomo. Na sukari inadhuru ikizidi, tena inadhuru sana, ila inadhuru kwa miaka na kwa vikombe vingi. Hiyo iite madhara. Tukisema kila kibaya ni sumu, tutamwambia nini mtoto siku ya sumu yenyewe?

Nirudi kwenye ile chupa, maana hapo ndipo roho yangu inaposhikwa. Dawa nalo ni neno la Kiarabu, na Kiswahili kimelipanua mno: tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi. Dawa imekuwa chochote kinachomaliza tatizo, kwa hiyo aliyesema dawa ya panya hakukosea sarufi. Tatizo ni ile "ya". Dawa ya ng'ombe inamponya ng'ombe. Dawa ya panya inamuua panya. Dawa ya kuku ni tiba, dawa ya kunguni ni kifo. Mtu mzima anatofautisha bila kufikiri. Mtoto wa miaka minne anajua dawa moja tu: ile tamu ya kikohozi ambayo mama humbembeleza anywe. Kwake "hiyo dawa" si onyo hata kidogo.

Kuna atakayesema tofauti ya dawa na sumu ni kiasi tu, na ana hoja. Paracelsus, tabibu wa Uswisi, aliandika hivyo tangu karne ya 16. Warfarin iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, kwa kuwa inazuia damu kuganda na panya anavuja damu ndani kwa ndani. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wagonjwa, na leo wengi waliowekewa vali za bandia za moyo wanaimeza kila siku, huku damu yao ikipimwa mara kwa mara. Kitu kimoja, majina mawili. Lakini angalia: jina lilibadilika pale kiasi kilipopimwa na daktari akasimamia. Ile chupa ya dirishani haina kipimo wala msimamizi, wala haina tena ile lebo ya dukani yenye fuvu na mifupa.

Jirani sikumsema mbele ya watu. Nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Mama, hiyo ni sumu. Mwite mtoto umwambie hivyo, kwa neno hilo hilo." Akaitazama chupa kitambo, akaichukua, na akamwita.