Kwiri nzito na zana za otomatiki: yanayoaminiwa na yalivyo

Kwiri ni swali unaloiuliza hifadhidata, na indeksi ni orodha iliyopangwa inayoisaidia kupata mistari bila kusoma jedwali zima. Zana ya kupendekeza indeksi si jambo la jana. Mfumo wa hifadhidata wa SQL Server 7.0 ulikuja nayo mwaka 1998, na mwenzake Oracle 19c wa 2019 ukafikia hatua ya kutengeneza indeksi wenyewe. Zana hizi zinasaidia kweli. Kinachoharibu kazi ni imani zilizojengeka juu yake.

Dhana: ripoti ikisema kuna indeksi inakosekana, itengeneze

Orodha ya SQL Server ya indeksi zinazokosekana haikwambii safu (column) zifuatane vipi wala haipimi ukubwa wa indeksi utakayoijenga. Jedwali moja linaweza kupata mapendekezo matano yanayofanana kama mapacha, ambayo mtu mwenye jicho angeyaunganisha yakabaki mawili. Seva ikizimwa na kuwashwa, orodha yote imefutika.

Halafu kila indeksi ina gharama ya kuilisha. Kwenye PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, UPDATE (amri ya kubadilisha data) isiyobadilisha safu yenye indeksi inaweza kuweka toleo jipya la mstari kwenye ukurasa uleule, ukiwa na nafasi, bila kugusa indeksi hata moja. Sasa weka indeksi kwenye safu ya hali ya muamala, ile inayotoka "inasubiri" kwenda "imelipwa". Nafuu hiyo imekwisha: kila hali inapobadilika, indeksi zote za jedwali zinaandikwa upya kwa mstari huo.

Kabla ya kujenga, jaribu kwa HypoPG, kiongezi cha PostgreSQL kinachounda indeksi ya kufikirika tu:

SELECT hypopg_create_index('CREATE INDEX ON miamala (mteja_id, tarehe)');

Kisha endesha EXPLAIN tupu, amri inayoonyesha mpango wa kwiri bila kuiendesha. Ukiongeza ANALYZE hutaiona, kwa sababu hapo kwiri inaendeshwa kweli na indeksi ya kufikirika haina kitu diskini. Mpango ukiikubali, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY ili wanaoandika wasizuiwe. Ikikatika njiani inaacha indeksi yenye alama ya INVALID: haisaidii kusoma, lakini inaendelea kula muda wa kuandika. Ifute, uanze tena.

Dhana: anza na kwiri inayochukua sekunde nyingi zaidi

Piga hesabu. Ripoti ya sekunde 4 inayoitwa mara 10 kwa siku inakula sekunde 40. Kwiri ya milisekunde 2 inayoitwa mara 500,000 inakula sekunde 1,000, na rekodi ya kwiri za polepole kwa kawaida haitaionyesha. Kwenye MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, rekodi hiyo huja imezimwa, na hata ukiiwasha kiwango chake cha kuanzia ni sekunde 10. Kwenye PostgreSQL tumia pg_stat_statements, kiongezi kinachojumlisha takwimu za kila kwiri, na upange kwa total_exec_time, yaani jumla ya muda. Mara nyingi dawa ya kwiri ya namna hiyo iko kwenye programu inayoiita ndani ya kitanzi, na hakuna indeksi itakayoitibu.

Dhana: indeksi ikiwepo, itatumika

Chukua jedwali la MySQL ambamo namba ya mita imehifadhiwa kama VARCHAR (maandishi) ili sifuri za mwanzo zisipotee, na kuna indeksi juu yake. Programu inauliza WHERE mita = 4471. EXPLAIN inaonyesha indeksi chini ya possible_keys, lakini key, yaani indeksi iliyochaguliwa, ni NULL (hakuna) na type, yaani namna ya kusoma, ni ALL: jedwali zima linasomwa. Sababu ni kwamba '4471', '04471' na ' 4471' zote zikigeuzwa namba zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo mpangilio wa maandishi ndani ya indeksi haufai kitu. Andika WHERE mita = '04471', na sifuri yake, type itageuka kuwa ref, yaani indeksi imetumika. Indeksi ya pili juu ya safu hiyohiyo isingebadilisha chochote.

Kisa kingine ni takwimu zilizochakaa, zile ambazo hifadhidata inazitumia kukadiria mistari. Ukiona EXPLAIN ANALYZE imekadiria mistari 12 na iliyopatikana ni 480,000, usiguse indeksi bado. PostgreSQL husubiri mabadiliko ya mistari 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali kabla ya kukusanya takwimu upya. Kwa jedwali la mistari milioni 10 hiyo ni zaidi ya milioni moja. Endesha ANALYZE miamala, amri inayojitegemea ya kukusanya takwimu za jedwali la miamala. Kisha shusha autovacuum_analyze_scale_factor, mpangilio wa ile asilimia 10, ya jedwali hilo, tuseme hadi 0.01.

Dhana: kuiachia mashine ijenge yenyewe ni kujitakia balaa

Si lazima. Oracle huunda indeksi ya majaribio ikiwa imefichwa, huipima, na huifichua ikithibitika kusaidia. Ipo pia hali ya REPORT ONLY kwa wenye wasiwasi. Azure SQL, SQL Server ya kwenye wingu, nayo huipima baada ya kuijenga, na kasi isipopatikana huiondoa.

Dhana: idx_scan ikiwa 0, futa

idx_scan ni hesabu ya PostgreSQL ya mara ambazo indeksi imesomwa, na ni ya seva moja tu. Indeksi iliyolala kwenye seva kuu inaweza kuwa ndiyo inayobeba ripoti za mwisho wa mwezi kwenye replika, yaani nakala ya hifadhidata kwenye seva nyingine. Na kama ni ya UNIQUE, inazuia data kujirudia hata kama hakuna anayeisoma.