Kwa nini maji ya bomba hutoka mekundu asubuhi?

Fungua bomba lililokaa siku mbili tatu bila kutumika. Maji yanatangulia na rangi ya chai, kisha yanatakata. "Kutu tu hiyo," watu husema, na hawajakosea. Ila kutu hiyo mara nyingi ina wenyewe.

Ndani ya bomba la chuma kuna utelezi kama ule unaoushika ukipitisha kidole kwenye ndoo iliyokaa na maji muda mrefu. Humo wanaishi bakteria, wamejigandisha ukutani na kujifunika ute unaowakinga na klorini, dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa majini. Palipo na oksijeni hukaa akina Gallionella, ambao hupata nguvu kwa kugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu. Kutu inarundikana mpaka inakuwa vichuguu vya kahawia. Chini ya kichuguu oksijeni haifiki, na hapo ndipo bakteria wengine, Desulfovibrio, wanapostawi: badala ya oksijeni, wao hupumua salfeti, aina ya chumvi iliyomo majini, wakatoa gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye uvundo wa yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma huzaa tope jeusi.

Kibaya zaidi, kwa kuwa nje ya kichuguu kuna oksijeni na chini yake hakuna, ukuta wa bomba unageuka kama betri, na chuma cha chini ndicho kinachoyeyuka. Ndiyo maana unaweza kukata bomba ukalikuta nene kote, isipokuwa tundu moja lililochimbwa kama kwa msumari. Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, walijaribu kueleza kazi ya bakteria hawa tangu 1934.

Je, maji hayo yana madhara? Chuma chenyewe si cha kuogofya. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huharibu ladha na kutia madoa nguo nyeupe. Mimi ningehofia zaidi kupungua kwa klorini. Chuma kilichoyeyuka huimaliza njiani, na ndani ya utelezi hujificha wengine, kama Legionella, anayeshambulia mapafu mtu akivuta mvuke wenye matone yake. Bomba la plastiki haliliwi na kutu, lakini utelezi humea humo vilevile.

Na ukisikia harufu ya yai viza kwenye maji ya moto peke yake, usilaumu bomba la mtaani. Chunguza hita: mara nyingi ndani yake kuna fimbo ya magnesi iliyowekwa kuzuia kutu, na fimbo hiyo huwanufaisha bakteria wale wale wa salfeti.