Kupika ale ya Landlord nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Landlord ya kiwanda cha Timothy Taylor ni ale, yaani aina ya bia ya jadi ya Uingereza, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, yenye kileo asilimia 4.3 ikitoka kwenye pipa. Inapikwa Keighley, mji wa Yorkshire uliokua kwa viwanda vya sufu. Kampuni ilianza mwaka 1858, ikahamia penye chemchemi ya Knowle Spring mwaka 1863, na maji ya kupikia bado yanatoka hapo. Mara nne, mwaka 1982, 1983, 1994 na 1999, ilitangazwa bia bora ya Uingereza na CAMRA, chama cha wanywaji kinachotetea bia ya pipa. Mimi naipenda kuliko ale nyingine yoyote, na naamini kwamba mwenye sufuria kubwa, kipimajoto na subira anaweza kupika bia ya undugu nayo jikoni. Kazi yenyewe si ngumu. Watu hukwamishwa na maneno waliyoyasikia kabla hata hawajawasha jiko.

"Bia ya Kiingereza ni ya moto na haina gesi"

Katika baa za Kenya mhudumu hukuuliza: baridi au moto? Ya moto ni ile iliyokaa rafuni bila kuingia friji. Basi mtu akisikia kwamba Waingereza hawanywi ale ya baridi kali, anaiweka moja kwa moja kwenye fungu la "moto". Sivyo. Pipa la ale hukaa kwenye chumba cha chini ya baa chenye nyuzijoto 11 hadi 13. Ukiishika glasi hiyo siku ya joto la Dar es Salaam utasema ni ya baridi bila kusita.

Gesi nayo ipo, ila ni kidogo kwa makusudi. Lita moja ya laga, ile bia ya kawaida ya baa zetu, hubeba takriban lita mbili na nusu za gesi. Ale ya pipa hubeba kama lita moja na kidogo. Baridi kali huufisha ganzi ulimi, na gesi nyingi huuchoma, kwa hiyo ladha ya kimea na harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hupita bila kuonekana. Anayepika nyumbani na kutia bia kwenye chupa azingatie hilo: gramu 80 za sukari kwa lita 20 zinatosha kuipa uhai. Ukiongeza hadi 150 unapata povu la laga, na Landlord unayoitafuta inapotea humo.

"Pombe ya kupika nyumbani hupofusha"

Hofu hii ina makaburi nyuma yake, kwa hiyo siwezi kuipita haraka. Mei 2014, katika kaunti kadhaa za Kenya, watu wengi walikufa na wengine wakapoteza macho baada ya kunywa pombe iliyochanganywa methanoli. Mtu aliyezika jirani kwa sababu hiyo ana haki ya kuitazama ndoo ya pombe jikoni kwa wasiwasi.

Lakini tuangalie sumu ilitoka wapi. Katika maafa ya namna hii, methanoli huwa ni kemikali ya viwandani iliyomiminwa kwenye kinywaji na mfanyabiashara anayetaka kukiongezea ukali kwa bei rahisi. Haizaliwi ndoo ya shayiri ikichachuka. Hamira hula sukari ya kimea na kutoa ethanoli, yaani kileo cha kawaida, pamoja na gesi. Methanoli inayotokana na uchachukaji huja hasa kutoka kwenye pektini, ambayo ni nyingi kwenye matunda na ni haba mno kwenye shayiri. Kiasi kinachobaki ndani ya ale ni chembe tu, iwe imepikwa kiwandani au nyumbani.

Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ili iwe kali, ni jambo jingine kabisa, na hapa sizungumzii kukeneka. Usijaribu.

Kuna pia wanaodhani ale ikiingiliwa na vijidudu inageuka sumu. Inageuka chachu, inanuka kama siki, unaimwaga na moyo unauma, basi. Imechemshwa saa nzima, ina hopsi, ina kileo na ina ukali wa asidi. Vijidudu vya maradhi kwa kawaida havistawi humo. Hatari za kweli zinaonekana wazi: sufuria ya lita 25 inayochemka ukiwa na watoto nyumbani, na chupa iliyofungwa kabla ya wakati wake. Hiyo ya chupa nitairudia.

"Mapishi ya kiwanda ni siri, huwezi kuyaiga"

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, lakini mtungi huu hauna siri kubwa. Viungo vya Landlord vinajulikana. Kimea ni cha Golden Promise, aina ya shayiri fupi ya Uingereza iliyopatikana kwa kupiga mbegu ya Maythorpe mionzi ya gama, ikawafikia wakulima miaka ya 1960. Hopsi ni Fuggle, Goldings na Styrian Goldings ya Slovenia, ambayo licha ya jina lake inatokana na Fuggle. Basi. Watu wanaoanza hawataki kuamini kwamba orodha ni fupi hivyo, ndiyo maana wanaanza kuongeza.

Na wanachoongeza kwanza ni kimea cha karameli, yaani kimea kilichookwa mpaka kikapata rangi na utamu wa karameli. Imani iliyoenea ni kwamba ale ya Kiingereza lazima iwe nacho, vinginevyo haina rangi wala mwili, yaani uzito mdomoni. London Pride ya Fuller's, iliyotoka Chiswick, London, kweli hutumia kimea hicho, na utamu wake wa tofi ni halali yake. Landlord haiko hivyo. Ukitia nusu kilo ya karameli umepika bia nzuri ya ukoo mwingine. Rangi pia isikudanganye kuhusu ukali: Guinness ya bomba, nyeusi tii, ina asilimia 4.2, chini kidogo ya Landlord ya dhahabu.

Kwa lita 20, kilo 3.8 za Golden Promise iliyosagwa chengachenga zinatosha. Pasha lita 10 za maji hadi nyuzi 73, mimina kimea, koroga mpaka mabonge yaishe. Mchanganyiko utatulia kwenye 66. Funika, zungushia blanketi, acha saa moja. Hapa ndipo mtu asiyejua huona hakuna kinachotokea, kumbe ndipo bia inapotengenezwa: vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari. Unaweza kuliona hilo kwa macho. Chota tone la maji ya juu, liweke kwenye sahani nyeupe, udondoshee iodini ya duka la dawa. Mwanzoni tone hugeuka zambarau iliyokaribia weusi, dalili kwamba wanga bado upo. Rudia baada ya saa: iodini inabaki na rangi yake ya kahawia, na ukionja maji ya sufuriani, yasiyo na iodini, ni matamu kama togwa. Sasa chuja, suuza machicha kwa maji ya nyuzi 75 mpaka upate kama lita 25, kisha chemsha dakika 60. Gramu 30 za Fuggle na 25 za Goldings ziingie maji yakianza kuchemka. Hizo ni za uchungu. Gramu 30 za Styrian Goldings zitie ukishazima moto, uziache robo saa. Hizo ni za harufu, na ukizichemsha umezipoteza.

"Hamira ni hamira"

Hili ndilo linaloharibu ale nyingi za nyumbani kuliko mengine yote, na ndilo ningependa msomaji abaki nalo hata akisahau vipimo. Hamira ya mkate itageuza sukari kuwa kileo, sibishi. Lakini haikuchaguliwa kwa ajili ya ladha ya bia, na mara nyingi huacha bia isiyong'aa, yenye harufu ya unga mbichi. Hamira ya ale ya Kiingereza imelelewa kizazi baada ya kizazi ndani ya viwanda, ikichaguliwa kwa sababu ya matunda inayoacha mdomoni na namna inavyotua chini kazi ikiisha. Wanaoiga Landlord hupenda 1469 West Yorkshire Ale ya kampuni ya hamira ya Wyeast, ambayo wengi wao wanaamini asili yake ni Keighley. Ukiikosa, pakiti kavu ya SafAle S-04 itakufikisha karibu.

Halafu joto. Ipoze kabisa bia mbichi, yaani yale maji matamu uliyoyachemsha, kabla ya kutia hamira, kisha ilinde ibaki kati ya nyuzi 18 na 20. Kumbuka ndoo inayochachuka hujipasha yenyewe, kwa hiyo chumba cha 22 kinaweza kukupa bia ya 25, na hapo matunda laini hugeuka kuwa harufu kali inayoumiza kichwa. Anayepika Mombasa au Kampala aitie ndoo kwenye beseni la maji, aivike kitambaa kibichi, na abadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni siku tatu za mwanzo. Ni usumbufu, lakini hakuna kiungo cha dukani kinacholipa kama huo.

Funua kidogo siku ya pili. Juu kuna povu zito la rangi ya maziwa, limepanda kama kidole kizima juu ya bia, limepasuka hapa na pale, na kwenye nyufa umeganda utando wa kahawia wa hopsi. Harufu ni ya tufaha na mkate uliotoka tanuri. Mpishi wa Yorkshire alikuwa akilichota povu hilo na kuliweka kwa ajili ya pipa lijalo. Tadcaster, mji mwingine wa Yorkshire, kwenye kiwanda cha Samuel Smith, bia bado inachachukia ndani ya matangi ya mawe yaliyojengwa kwa kuifuata tabia hiyo ya hamira kupanda juu.

Povu likishuka, usikimbilie kuihamisha bia. Hamira ikiwa kazini hutoa kitu chenye ladha ya siagi, halafu hukila yenyewe ikiachwa siku mbili tatu zaidi. Wengi huinyima nafasi hiyo, kisha wanalaumu kimea.

"Sukari huongeza ubora", na kinyume chake, "sukari ni udanganyifu"

Pande zote mbili zimekosea. Pakiti nyingi za bia ya haraka hukuambia utie kilo nzima ya sukari kwenye lita 23. Hiyo inaongeza kama asilimia mbili na nusu za kileo na haiongezi mwili hata kidogo, ndiyo maana bia inakuwa nyembamba na kali. Kwa upande mwingine, viwanda vya Uingereza vimeruhusiwa kutumia sukari tangu 1847, na ale nyingi zinazoheshimiwa zina kiasi chake. Kwa Landlord, kimea kinatosha.

"Mapovu yakikoma, bia imeiva"

Hapa ndipo chupa hupasuka. Mapovu kwenye mrija wa kutolea gesi ya ndoo yanaweza kukoma kwa sababu kifuniko kinavuja, au kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi na hamira imelala. Ukifunga chupa wakati sukari bado imo, hamira itaamka ndani ya kioo, na kioo kikipasuka kinaruka. Chombo cha kuamini ni haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki (maji matupu husoma 1.000). Bia mbichi isome karibu na 1.042, na mwishoni ishuke hadi 1.010 au hapo karibu. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili. Namba isipobadilika, ndipo ulete chupa. Haidromita haigharimu sana, na sioni sababu ya mtu kupika bila kuwa nayo.

Kuhusu maji nitasema kidogo. Wapo wanaotia jasi kwenye kila ale kwa sababu Burton upon Trent, mji wa Kiingereza wa viwanda vya bia, ilijipatia jina kwa maji ya jasi. Jasi hunoa uchungu, ikizidi huukwaruza. Kabla ya kufika huko ondoa klorini ya bomba, kwa nusu kidonge cha Campden, kidonge cha salfaiti cha wapika bia na mvinyo, maana klorini ikikutana na kimea huleta harufu ya plasta za kidonda ambayo haitoki tena.

Na sheria: Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, lakini kupika kwa ajili ya kunywa ni tofauti na kuuza. Nchi nyingine zina masharti yao. Ulizia unapoishi kabla ya kununua sufuria.

"Ikikaa zaidi inakuwa bora"

Mvinyo mwingine, ndiyo. Ale ya asilimia nne, hapana. Pipa likishafunguliwa baa, wahudumu makini hulimaliza ndani ya siku tatu. Ya chupa yako iache wiki mbili kwenye joto la kawaida ipate gesi, wiki moja mahali pa baridi itulie, kisha inywe huku harufu ya Styrian ikiwa hai. Ukitaka kuilinganisha, jua unailinganisha na nini: Landlord ya chupa ina asilimia 4.1 na imesafiri, ile ya pipa ni hai na ina mwili zaidi. Mimina zote kwenye glasi zinazofanana, nyuzi 12, kwa taratibu. Yako ikizidi utamu, safari ijayo loweka kimea kwenye 65 badala ya 66. Uchungu ukikwaruza koo, rekebisha maji kabla hujagusa hopsi.