Mombasa haikuanza na Fort Jesus

Hapa Nairobi watu wengi wanajua hivi: Wareno walikuja, wakajenga Fort Jesus, ndio mji wa Mombasa ukaanza. Ni rahisi kuona hivyo, maana ukishuka na treni ya SGR likizo kitu cha kwanza unapelekwa kuona ni hiyo ngome, na ukiingia kwa makumbusho mle ndani mizinga ndio inakukaribisha.

Lakini angalia tarehe. Wareno walifika 1498 na ngome ikaanza kujengwa 1593, sasa huo mji waliouchoma 1505 ulikuwa wa nani? Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Morocco alishapita Mombasa, akaandika watu wanakula ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka kwingine, na misikiti yao ni ya mbao imejengwa vizuri sana. Hiyo ni zaidi ya miaka 260 kabla ya ngome!

Kujihakikishia mwenyewe si ngumu. Kwa chumba cha maonyesho usiishie kwa mizinga, enda pale kwa vigae vya vyungu na vyombo vya China (wengi hupita mbio, sijui kwa nini) usome kibao kinasema vilipatikana wapi na ni vya karne gani, ukipata vya Mombasa vya karne ya 15 kurudi nyuma basi mji ulikuwepo na ulikuwa unafanya biashara. Ama pitia Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, kuna kaburi limechongwa mwaka 802 wa Hijria, weka kwa kibadilisha kalenda chochote kwa simu, utapata 1399, yaani pwani hii ilikuwa na miji kabla Wareno hawajafika.