Mji mkuu ukitekwa, vita vimekwisha?

Hapa Kigoma wengi huamini kwamba waasi wakishauteka mji mkuu, vita vimekwisha na wakimbizi wanaweza kurudi kwao. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, mambo yalienda vingine: waasi waliingia Kinshasa Mei 1997, na Agosti 1998 vita vipya vikaanza.

Tatizo kubwa, kwa kawaida, ni mishahara. Mpiganaji asiyelipwa hubaki na bunduki yake, huweka kizuizi barabarani na kutoza kila mzigo. Askari wa utawala ulioanguka nao mara nyingi hutoroka na silaha zao.

Ukitaka kuhakiki kama vita vimekwisha kweli, nenda Kibirizi, hapa Kigoma, boti za kutoka Kongo zinapotia nanga, uwaulize wafanyabiashara: gunia moja limelipiwa kwenye vizuizi vingapi? Walimu wa huko wanapata mshahara? Majibu ya watu watatu yakilingana, una pa kuanzia.